Siku Niliyopotea Nikapokewa kwa Vigelegele

Naikumbuka asubuhi ile, mwanangu, ndoa yangu ina wiki tatu tu. Nilikuwa nimetoka kwetu Kibiti, kando ya barabara kuu, nikaja kuolewa huku Mkongo. Msitu nilikuwa nauona kwenye dirisha la basi tu. Ila ulimi nilikuwa nao.

Mama mkwe alitaka ukindu wa kusukia mkeka, akaniambia nimngoje wifi yangu Mwajuma twende pamoja. Mie nikamjibu, "Mama, mtu mzima anashikwa mkono kwenda kukata majani?" Nikachukua panga na kamba, huyo nikaondoka.

Nilikuwa na hesabu yangu: naenda jua likiwa usoni, nitarudi likiwa mgongoni. Nikajiona nina akili kuliko Mkongo nzima. Nikakata ukindu hadi alasiri, nikajitwika mzigo, nikaliweka jua mgongoni, nikashika njia. Nilitembea mpaka kisogo kikawaka moto, na kila mti nauona mgeni. Mara nikakuta kinyesi cha tembo, kibichi kabisa. Hapo nikakimbia na mzigo kichwani, nasoma Ayatul Kursi nusunusu, nusu nyingine imenitoka kwa hofu.

Nikasikia ngoma. Nikatokea kwenye kijiji nisichokijua, na kabla sijafungua mdomo, vigelegele! "Kungwi kafika! Na ukindu kaja nao!"

Kumbe walikuwa wanamngoja kungwi aje kumfunda mwali wao. Nikatuliwa mzigo, nikakalishwa mkekani, nikaletewa wali na kuku. Ningesema ukweli, mwanangu, lakini njaa ilikuwa inauma. Nikasema nitasema nikishiba.

Mwali akaletwa, kichwa chini. Wanawake wote wananitazama mie, bibi harusi wa juzi! Nikakohoa, nikamwambia, "Ukifika kwa mumeo, mama mkwe akikwambia jambo, msikilize." Nikamkumbuka wangu, nikalia kwa kwikwi. Wakadhani ndiyo mafunzo yenyewe, na wao wakalia.

Hapo akaingia bibi mmoja na bakora, vumbi mpaka magotini. "Nani huyo kakalia mkeka wangu?"

Ndiye kungwi mwenyewe. Nikaungama yote, paja la kuku mkononi. Alicheka mpaka akaomba maji. "Wee mtoto, jua la asubuhi na la alasiri yako upande mmoja? Ukaliweka mgongoni, ukazidi kwenda mbele! Na ulipokuwa unakwenda, uligeuka hata mara moja kutazama ulikotoka?"

Sikugeuka hata mara moja.

Wakanipa wanaume wawili wanirudishe. Njiani tukamkuta mama mkwe na nusu ya kijiji, anaita jina langu, sauti imemkauka. Nilijua nitachapwa. Akanishika mashavu kwa mikono miwili, akaniuliza, "Mwanangu, umekula?"

Basi, wewe unayesema simu itakuonyesha njia porini, simu yako siikatai, lakini huku mtandao hupotea kabla ya mtu. Ukiingia porini, aga, watu wajue umeelekea wapi. Geuka nyuma mara kwa mara, maana njia ya kurudi ina sura nyingine. Jua lifuate, lakini kumbuka nalo linatembea. Ukipotea, simama, sikiliza jogoo, kinu, adhana. Na ukiambiwa umngoje mwenyeji, mngoje, hata kama unajiona mjanja.

Mola akuongoze kila unakokanyaga, akukinge na wanyama wa porini na kiburi cha nafsi, na akurudishe mzima kwa wanaokuita. Amin.