Alama kwenye Mkono wa Mama Mkwe

Nilikuwa nimechoka kufungiwa hata kabla ya ndui kuja. Nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu watu wakisimulia habari za ugonjwa ule husema wanawake wa upande wetu walikuwa wajinga na wabishi. Wabishi tulikuwa, sikatai. Wajinga hatukuwa. Tulikuwa tumechoka, na mtu aliyechoka hana masikio ya kusikiliza mambo mapya.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Riruta, kimojawapo cha vijiji tulimorundikwa na serikali ya wakoloni miaka ya hali ya hatari. Nyumba za udongo kwenye mistari iliyonyooka, handaki limezunguka kote, na lango moja tu lenye homgadi, mlinzi wa serikali, na bunduki yake. Handaki lile tulilichimba sisi wenyewe kwa mikono yetu, tukiimbishwa nyimbo za kuwafurahisha waliotusimamia. Mume wangu hakuliona. Alikuwa karani katika ofisi moja mjini, na askari walimshikia kazini, miezi michache tu baada ya harusi yetu. Wakampeleka kambi ya wafungwa, mimi nikabaki na mama yake, mjane, mtu wa maneno machache na macho makali. Mwanawe huyo ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye.

Mama mkwe alikuwa amekaguliwa kuliko mtu yeyote ninayemjua. Vidole vyake vilitiwa wino. Nyumba yake ya zamani, yenye ghala na migomba, ilibomolewa akitazama. Homgadi walipekua kitanda chake na vibuyu vyake, wakamvua kilemba waone kama ameficha barua. Alijifunza jambo moja, na sisi sote tulilijifunza pamoja naye: anayekagua anataka kuridhisha macho yake. Mwonyeshe anachotafuta, ataondoka. Ndivyo tulivyoishi miaka ile yote, na nasema bila aibu kwamba ndivyo tulivyopona.

Mwaka ndui ilipokuja, mambo yalikuwa yameanza kulegea. Ukiwa na pasi uliweza kutoka, na mimi nilikuwa nikibeba kabichi mgongoni, kamba ya mzigo imenibana kwenye paji la uso, nikipita kona ya Dagoretti na kufuata barabara ya Ngong mpaka sokoni katikati ya mji. Habari njema nayo ilikuwa imetufikia. Mume wangu ataachiliwa. Ataletwa kwanza kwenye kituo cha chifu, kisha atakabidhiwa kijijini. Siku hiyo mama mkwe alikwenda mtoni akachota udongo mweupe, akapaka ukuta wa nyumba nje na ndani. Kila jioni alikaa mlangoni akitazama lango. Ukimletea chakula alikipokea bila kugeuza kichwa.

Habari za ndui nilizipata kwanza mjini. Mama mmoja mnunuzi, aliyekuwa amekwisha shika kabichi yangu, aliniuliza, "Mboga yako ni ya wapi?"

"Ya Dagoretti."

Aliirudisha haraka akajipangusa mkono kwenye rinda. "Huko kuna ugonjwa. Wewe unatuletea ugonjwa hapa mjini?"

Nilirudi nyumbani na mzigo mzima, shingo inaniuma, hasira zimenijaa. Siku iliyofuata lango halikufunguliwa. Hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na serikali, alipiga filimbi tukakusanyika uwanjani, na akasema neno moja: karantini.

Sisi karantini tuliijua ni ya ng'ombe. Ng'ombe wakipata ugonjwa wa miguu na midomo, njia za kwenda machinjioni Dagoretti zilifungwa, na watu wakakaa wiki nyingi bila nyama. Kusikia kwamba sasa ni sisi tunaofungwa hivyo kulituudhi sana. Jirani yetu, mwanamke wa sauti kubwa, alicheka kwa uchungu akasema, "Basi leteni na chumvi ya kulamba!" Uwanja mzima ukacheka. Hedimani hakucheka.

Kando yake alisimama dresa, yaani msaidizi wa daktari, kijana kutoka magharibi, Mluhya, mwenye kaptula iliyopigwa pasi. Hakujua lugha yetu, akaongea Kiswahili chake. "Mama zangu, hii ugonjwa inaua. Inaharibu uso, inaharibu macho. Dawa iko. Ni kukwaruza ngozi kidogo tu, haiumi, ni kama siafu imekuuma. Baada ya siku kidogo inavimba, halafu inaacha alama. Kama alama imetokea, umepona kabla ya kuugua."

Hedimani akaongeza sharti lake. Lango halitafunguliwa mpaka kila mkono uwe na alama. Hakuna kutoka, wala hakuna kuingia. Na wale wanaorudi kutoka kambini watangoja kwa chifu mpaka kijiji kiwe safi.

Nilimtazama mama mkwe. Uso wake haukubadilika hata kidogo, ila mkono wake wa kulia ulikwenda ukashika ule wa kushoto juu ya kiwiko, ukakaa hapo.

Basi tulibishana. Tulibishana mferejini, tulibishana kanisani baada ya ibada, tulibishana kupitia kuta za udongo kila mtu akiwa jikoni kwake. Jirani alisema dawa ile ni ya kutufanya tasa, maana wameona kutufunga hakujatumaliza. Mwingine alisema ndui yenyewe haipo, ni njia ya kuturudisha ndani baada ya kuonja kutoka. Mzee wa kanisa alisema yeye aliiona ndui akiwa mtoto, ilizika ukoo mzima, na kama kuna dawa tuitoe mikono na tumshukuru Mungu. Jirani akamjibu, "Mzee, wewe kila wanacholeta unakishukuru." Mimi nilikuwa upande wa mzee, lakini moyo wangu ulikuwa upande wa jirani. Nani alikuwa ametuletea kitu chema kupitia lango lile? Ningeulizwa, nisingeweza kutaja hata kimoja. Kichwa kiliniuma kwa kuwasikiliza wote.

Mama mkwe hakubishana. Usiku mmoja tu, nilipomwuliza atafanyaje, alisema, "Vidole vyangu walichukua. Nyumba walichukua. Mtoto walichukua. Sasa wanataka kutia kitu ndani ya damu. Hapo pa mwisho ni pangu."

"Lakini Mama, usipochanjwa hataingia."

"Ataingia," alisema. "Nani amekwambia hataingia?"

Siku ya chanjo alipanga foleni kama wengine. Alitoa mkono, dresa akamkwaruza, akamwambia, "Asante mama, umejikaza." Alirudi nyumbani moja kwa moja, akachemsha maji, akauosha mkono kwa sabuni ya kufulia, akausugua kwa majivu mpaka ngozi ikawa nyekundu. Wanawake wengi walifanya vivyo hivyo siku ile. Moshi ulitoka kila paa, na haikuwa saa ya kupika.

"Mama, usioshe!" nilimwambia. Nilimshika hata mkono. Aliutoa polepole.

"Walitaka kuchanja, wamechanja. Dawa ikae ndani, hilo sikukubali mimi."

Nilikasirika nikalala bila kula. Mkono wangu ulivimba, ukawasha, ukatoa lengelenge, nikapata homa kidogo kama dresa alivyosema. Wake sikuuona. Alivaa sweta la mwanawe lenye mikono mirefu, na hakulivua hata kwenye jua.

Siku ya ukaguzi dresa alikuwa ameitwa kijiji kingine. Hedimani alipita mwenyewe na homgadi wawili, nyumba kwa nyumba, wala hakuingia ndani, alisimama mlangoni akasema, "Mkono!" Mama mkwe alipandisha sweta. Palikuwa na alama, ya mviringo, yenye gamba jeusi, nzuri kuliko yangu. Hedimani akaitikia kwa kichwa akapita. Nilishangaa, kisha nikamshukuru Mungu kimoyomoyo kwamba maji yake ya moto hayakufua dafu.

Waliokosa alama dresa aliporudi aliwakwaruza upya, na zao zilipotokea lango likafunguliwa. Watu walitoka wakipiga vigelegele, ingawa hatukuwa na nguvu nyingi za kushangilia. Waliokwaruzwa mara mbili walinung'unika. Mama mkwe alirudi kwenye kiti chake mlangoni, macho kwenye lango, na sasa lilikuwa wazi. Akaniambia nisage mtama kwa uji, mwanawe hapendi wa mahindi. Nikasaga.

Mtama ulikuwa bado kwenye kibuyu homa ilipomwangusha mama mkwe. Kwanza alilalamika mgongo, kisha kichwa, kisha vipele vikatokea usoni na mikononi, na mtu yeyote aliyeona hakuhitaji dresa kumwambia. Walikuja wakamchukua kwa machela hadi vibanda vya wagonjwa chini karibu na mto. Lango likafungwa tena. Nilikaa juu ya kitanda chake nikalia, si kwa ajili yake tu. Nililia kwa kuusikia ule mnyororo wa lango.

Mume wangu alikuja katika siku hizo za kufungwa mara ya pili, chifu akiwa amemwachilia kabla habari hazijamfikia. Walinikimbilia kuniita, nikaenda mpaka ukingo wa handaki, naye alikuwa ng'ambo, amekonda, nywele zimenyolewa, ameshika kifurushi. Miaka yote niliyomngoja nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia. 

Lakini yeye ndiye aliyepaza sauti kwanza. "Mama yuko wapi?"

Nilimwonyesha kwa mkono, kule chini mtoni.

Dresa alimtazama mkono. Alikuwa na alama mbili za kambini, za zamani, zenye mashimo. "Wewe unaweza kuingia vibandani," alimwambia. "Sina mtu wa kunisaidia huko. Kila mtu anaogopa." Basi mwanawe ndiye aliyemwuguza, akimnywesha maji, akimfukuzia nzi, akimgeuza. Mimi nilipeleka uji wa mtama mpaka langoni, kwenye mawe ambayo sisi wa kijijini hatukuruhusiwa kuyapita, nikauacha hapo.

Mengine aliniambia yeye, baadaye sana, kwa shida. Alipoingia mara ya kwanza, mama yake alikuwa na macho yaliyozibwa na usaha. Alisema, "Mama, ni mimi." Mama mkwe aliinua mikono akampapasa uso, akapapasa masikio, akashuka mabegani, akafika mkononi. Vidole vyake vikapata zile alama mbili. Akazizunguka kwa kidole, tena na tena.

"Hizi zilishika?" alimwuliza.

"Zilishika, Mama. Kambini hatukuulizwa."

Ndipo mama alipomwambia alichofanya baada ya kuuosha mkono. Alitazama lengelenge langu nikiwa nimelala, akasoma umbo lake na ukubwa wake. Kisha akachukua kaa la moto jikoni akajichoma, ili lango lifunguliwe mwanawe apite. Aliuma kitambaa asiniamshe.

Hakufa. Ndui ilimwacha na uso wenye mashimo na macho meupe yasiyoona kitu. Aliletwa nyumbani ameshikwa mkono na mwanawe, kupitia lango lile alilolitazama miaka yote, na akauliza, "Tumefika?" Tukamwambia tumefika. Aliketi kwenye kiti chake mlangoni kama zamani.

Mwaka uliofuata nilijifungua msichana, na kwa desturi yetu akachukua jina la mama wa baba yake. Kwetu hilo si jina tu: mtoto huhesabiwa kuwa ndiye yule aliyeitwa kwa jina lake. Mume wangu alimwita mtoto yule "mama," na mama mkwe alipokuwa akimbeba alisema, "Leo mimi nimelia sana," au, "Mimi nimeota jino." Wageni walidhani uzee umemchanganya.

Mtoto alikuwa anaanza kukaa dresa aliporudi kuchanja waliozaliwa baada ya ugonjwa. Tulipanga foleni uwanjani, na yale mabishano yakaanza upya kana kwamba hayakuwahi kukoma. Nilikuwa nimechoka hata kuyasikia. Safari hii jirani alikuwa na ushahidi.

"Mtazameni yule mama pale," alisema kwa sauti yake ile, akimwonyesha mama mkwe aliyekuwa ameketi kando. "Si alichanjwa? Si tuliona alama, hedimani mwenyewe akaiona? Na ndui ikamla macho! Sasa niambieni hiyo dawa inafanya nini!"

Wanawake walitikisa vichwa. Wawili wakatoka kwenye foleni na watoto wao. Dresa alijaribu kueleza, lakini ataeleza nini? Alama ilikuwepo, na upofu ulikuwepo. Nilifungua mdomo, kisha nikamtazama mume wangu, naye alikuwa akimtazama mama yake. Siri ilikuwa ya mama.

Mama mkwe alisimama. "Nipe mtoto," aliniambia. Nikampa. Alitembea akifuata sauti ya dresa, watu wakampisha, na alipofika mbele akavuta mkono wa sweta juu.

"Hii si ya daktari," alisema. "Ya daktari niliiosha. Hii nilijichoma kwa kaa, mtoto wangu aruhusiwe kuingia." Akampakata mtoto vizuri. "Aliingia. Sikumwona. Mpaka leo sijamwona."

Mmoja wa wale wawili waliotoka alinong'ona kwamba bibi yule amefundishwa maneno hayo na serikali. Huyo hakurudi kwenye foleni. Mwenzake alirudi. Jirani alitazama chini.

Mama mkwe alimvua mtoto fulana, akatafuta mkono wake mdogo kwa vidole, akaushika juu ya kiwiko na kumnyooshea dresa.

"Huyu ni mimi," alisema. "Nichanje. Safari hii sitaosha."