Fundi Aliyeogopa Waya Uliokazwa

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ana jicho moja. Mtaani wanamwita Fundi Mageti. Mimi namwita Chongo akinikera, naye ananiita Kipara, kwa sababu nanyoa watu wote na mwenyewe sina cha kunyoa. Kibanda changu cha kinyozi kinatazamana na karakana yake. Kioo nilichokibandika mbele ya kiti cha wateja kinaonyesha mlango wake wote, kwa hiyo nikiwa kazini humwona shemeji akichomelea nyuma ya sikio la mteja. Hakuna anachofanya mle ndani nisichokijua, na asipofanya kitu nakijua pia.

Moto haumtishi. Atapanda ghorofani kufunga dirisha la chuma, akalie ubao mmoja, miguu ikining'inia hewani, huku anapiga mluzi. Lakini mwonyeshe kamba ya kuanikia nguo iliyokazwa sawasawa, utamwona anavyoizungukia mbali. Alipokuwa anajifunza kazi, ujanani, aliambiwa akaze waya wa uzio. Akaukaza, akaukaza tena, ukakatika. Anasema hakusikia maumivu kwanza. Alisikia mlio mwembamba, halafu akasikia watu wanakimbia kuja kwake, akashangaa wanakimbilia nini. Tangu siku hiyo, lori bovu likipita barabarani likivutwa kwa kamba ya chuma, yeye huingia kwangu na kujibanza nyuma ya mlango, niwe na mteja au nisiwe naye. Nimemcheka sana kwa hilo, na nitamcheka tena, maana ukimwona mwanaume mzima amejificha nyuma ya taulo zangu, nawe utacheka.

Huyo ndiye aliyepewa mtoto mmoja tu, wa kike, na mtoto akapenda nyuzi.

Mpwa wangu alianza na gitaa la kawaida, akalichoka. Akawa anataka chombo ambacho hakiuzwi dukani kwa sababu hakijatengenezwa. Siku moja alimletea baba yake mchoro alioupiga nyuma ya kalenda ya zamani: fremu ya chuma ndefu kama kitanda, isiyo na tumbo la mbao, na juu yake nyaya tano nene za chuma. Chini ya nyaya alichora sumaku za kung'oa kwenye spika mbovu, zimezungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele. Waya wa juu ukitikisika, sumaku na shaba zinaukamata mtikisiko, zinaupeleka kwenye amplifaya, na amplifaya inautoa kwenye spika. Mpigaji anasimama, anainama, mkono mmoja una nyundo ndogo ya kitambaa, mwingine unatelezesha kipande cha bomba juu ya nyaya.

"Anainama hivi?" shemeji aliuliza.

"Hivi, baba." Akainama juu ya meza, uso karibu kabisa na mchoro, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Na nyaya zinakazwa kiasi gani?"

"Sana," mtoto akasema huku anacheka. "Mpaka chuma kilalamike."

Dada yangu aliniambia kwamba siku hiyo sahani ya mumewe ilirudi jikoni vilevile.

Angeweza kukataa. Lakini shemeji hajawahi kumnyima yule mtoto kitu, na kazi yenyewe ilimwingia damuni. Fremu ya kwanza aliiunda kwa mabomba, na nyaya zilipokazwa ikapinda katikati. Aliitazama kwa muda mrefu. Halafu akavuka barabara, akakaa kwenye kiti changu cha wateja.

"Kila waya unavuta kama mtu mzima anayening'inia," akaniambia. "Ni watu watano, Kipara. Wananing'inia pale, na mwanangu anawainamia."

"Nywele zako nazo zinataka kupunguzwa," nikamwambia.

Fremu ya pili aliiunda kwa vyuma vizito vya mageti, na hiyo haikupinda. Mwishoni mwa kila waya aliweka nati ya kukazia, na hizo nati alizichonga mwenyewe, za kipimo chake, zisizoingia spana yoyote ya dukani. Spana yake aliichonga pia. Ilikuwa moja tu, na ilining'inia kwenye mkanda wa suruali yake mchana kutwa. Mtoto akitaka kulinganisha sauti, ilibidi amwite baba. Anaimba noti, baba anakaza, mpaka waya na koo lake vinakutana.

Siku ya kwanza walipokipandisha chombo hadi sauti yake kamili, nilikuwa nimemnyoa mteja nusu ya kichwa. Ilikuwa kama lango kubwa limefunguliwa mbali na nyuma yake kuna mtu anaimba. Mashine ikanitulia mkononi. Yule mteja mwenyewe aliinuka, akavuka barabara na kichwa chake cha nusu kwenda kuangalia. Mpwa wangu alikuwa analia kwa furaha. Baba yake alikuwa amesimama kwenye kona ya mbali kabisa, mgongo ukutani, amevaa kinyago cha kuchomelea.

Baada ya hapo, sauti ile haikurudi.

Mtoto alikubaliwa kufanya mazoezi na bendi ya ukumbi wa mtaani kwetu. Chombo kilipelekwa kwa mkokoteni, na kila kilipofika kilikuwa kimeshuka sauti. Nyaya nene zilikuwa zinatoa sauti mbili kwa wakati mmoja, zinagombana, zinayumba, mtu unajisikia kichefuchefu. Wanabendi wakakipa jina: Kitanda. "Kitanda leo kinaumwa," wanasema, na wanaangua kicheko. Mpwa wangu alibadilisha sumaku, akazungusha shaba upya, akashusha, akapandisha. Wapi! Akimuuliza baba yake, anajibiwa, "Waya mpya hunyooka, mama. Upe muda." Akisema labda nati zinateleza, baba anachonga nati nyingine, kwa bidii, siku nzima, cheche zinaruka. Mwisho kiongozi wa bendi alimwambia wazi: Jumamosi kuna onyesho. Kama Kitanda kitakuja kinalia hivyo, kibaki nyumbani, na yeye abaki nacho.

Asubuhi iliyofuata nilifungua kibanda mapema. Nilikuwa nafuta kioo nikamwona shemeji ndani yake. Alikuwa ameinamia chombo akiwa na kinyago usoni na spana mkononi, na hapakuwa na moto wowote. Nikageuka nikatazama vizuri. Alikuwa analegeza. Robo mzunguko waya huu, robo waya ule, polepole, kama mtu anayemvua mtoto aliyelala viatu.

Nikavuka barabara mbio.

"Chongo! Unafanya nini?"

Akashtuka, spana ikamponyoka. Kabla hajajibu, nilisikia mtu anapumua nyuma yangu. Mpwa wangu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ya baba yake.

Hakupiga kelele. Heri angepiga. "Baba," akasema, "waya ukilegea, sumaku inauvuta chini. Ndiyo maana unatoa sauti mbili. Nimehangaika na zile sumaku mpaka vidole vimeota malengelenge. Kumbe ni wewe?"

Shemeji akavua kinyago. "Ni mimi."

"Watu wananicheka, baba!"

"Wacheke. Una macho mawili."

Mtoto akaweka kikombe chini, akaokota spana. "Leo nakaza mwenyewe," akasema.

"Kaza," baba akajibu. Akasogeza kigoda, akakaa, akainamisha uso wake juu ya nyaya, mahali palepale ambapo uso wa binti huwa akicheza. Bila kinyago. "Kaza mpaka unapotaka. Mimi nakaa hapa."

Nilimwambia aache upuuzi. Hakunisikia. Mpwa wangu akauma meno, akaanza kuimba noti yake na kuzungusha. Waya ukapanda. Sijui kama umewahi kusikia waya mnene ukikazwa ndani ya chumba: unakwaruza, unatulia, unakwaruza tena, na kila unapotulia unadhani ndiyo basi. Nilijikuta nimejibana ukutani na viganja nimeviweka machoni. Shemeji alikuwa haoni tena chochote, nadhani. Jicho lake lilikuwa wazi, halipepesi, na midomo ilikuwa inacheza. Hakusogea hata kidogo.

Zilikuwa zimebaki kama robo mbili za mzunguko kufika sauti yake. Mtoto akaacha kuimba na kuzungusha.

"Baba, toa uso."

"Kaza."

"Siwezi. Baba, toa uso wako hapo, siwezi!"

"Na wako utauweka wapi ukiwa unacheza?"

Spana ikaanguka mara ya pili asubuhi ile. Akapiga magoti, akamkumbatia baba yake kiunoni, wakabaki hivyo, na mimi nikatoka nje kujifanya natafuta mteja.

Ndipo shemeji alipoanza kuiogopa ile kazi kwa akili, badala ya kuiogopa kwa moyo tu. Alitengeneza matao matano madogo ya chuma, ya kupita juu ya nyaya, kimo cha kiganja, mahali ambapo mkono wa mpigaji haupiti. Waya ukikatika, utaruka, utagonga tao, utaishia hapo. Lakini waya ukilia, chuma cha matao nacho kililia, kikaharibu sauti. Akaja kwangu, akautazama mkanda wangu wa ngozi, ule wa kunolea wembe, niliorithi kwa baba yangu.

"Huo hapana," nikasema.

Akaendelea kuutazama, kwa jicho lake moja. Ukitazamwa hivyo na mtu mwenye jicho moja unatoa hata kibanda. Akaukata vipande, akayavalisha matao ngozi kwa ndani. Mpwa wangu alipoona akasema, "Baba, umenijengea geti," na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka wiki ile. Halafu shemeji akavua spana mkandani, akampa. Mkono wake ulichelewa kuiachia.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Tulikaa viti vya nyuma, dada yangu, shemeji na mimi katikati yao. Mpwa wangu akainama, akagonga waya mnene wa kwanza, na lango lile kubwa likafunguka tena, safi, sauti moja. Watu wakanyamaza. Hata kiongozi wa bendi alisahau tarumbeta yake magotini. Shemeji hakuona chochote kati ya hayo. Alikuwa amefumba jicho tangu taa zilipowashwa jukwaani, na alikuwa ananishika mkono kwa nguvu hata nikaogopa utavunjika.

Wimbo ulikuwa umefika juu kabisa. Kikasikika kitu: pah! Kama kofi mezani, lakini kwenye spika, ukumbi mzima. Kabla yake kulikuwa na mlio mwembamba. Niliusikia, na najua shemeji aliusikia, maana mwili wake wote ulikakamaa. Dada yangu akapiga yowe. Jukwaani mpwa wangu alikuwa amerudi nyuma hatua, na uso wake wote alikuwa ameufunika kwa mikono.

"Mangapi?" shemeji akaniuliza. Jicho bado amelifumba.

Nikanyoosha shingo juu ya vichwa vya watu.

"Kipara, nakuomba. Mangapi?"

Mikono ikashuka polepole. Waya uliokatika ulikuwa umejikunja chini ya tao, umeng'ata ngozi ya mkanda wa baba yangu. Mpwa wangu aliutazama, kisha akainua kichwa, akaanza kupekua kwa macho viti vya nyuma.

"Mawili," nikasema. "Yote mawili, shemeji. Anatutafuta."

Jukwaani akaokota nyundo yake, akainama tena juu ya nyaya nne zilizobaki.

"Rudia," shemeji akasema.

Nikarudia.