Jumapili Tatu za Sanduku la Lweba

Saa tatu na nusu asubuhi, misa ya kwanza imekwisha na watu wa mji wa Baraka wanamiminika nje ya kanisa. Wengine wanakimbilia mandazi, wengine wanasalimiana kana kwamba hawakuonana jana. Lakini kundi kubwa kuliko yote limezunguka sanduku.

Ni sanduku la mvule, refu kama kitanda cha mtoto, jeusi kwa moshi wa majiko ya miaka mingi. Nyuma yake, kwenye kiti cha plastiki, ameketi Félicité Apendeki, mama wa miaka 43, mnunuzi wa masanduku ya zamani. Amekunja mikono kifuani kama mwalimu anayengoja darasa linyamaze.

"Iko ya babu yangu!" anapaza sauti Aubin, kijana wa pikipiki.

"Vizuri, mutoto yangu," anajibu Félicité bila kunyanyuka. "Chini yake iko nini?"

Aubin anakuna kichwa. "Chini iko... mbao."

"Mbao! Basi hata hii kanisa iko ya babu yako. Enda uombe padri funguo."

Uwanja mzima unacheka, na Aubin mwenyewe anacheka kuliko wote. Jumapili iliyopita alijibu kwamba chini kuna udongo.

Hili linafanana na mchezo, lakini kwa Félicité ni sheria. Kila sanduku analonunua hulikalisha hapa Jumapili tatu, kabla ya kulipiga msasa na kabla ya kuliuza. Miaka ya vita, watu wa pwani hii ya Ziwa Tanganyika walivuka maji kwenda Tanzania na kuacha masanduku yao kwa majirani. Jirani akafa, watoto wake wakakua na sanduku ndani ya nyumba, wakaliona lao. Anayeuza leo huenda anauza amana bila kujua.

Ndiyo maana, kabla ya Jumapili ya kwanza, Félicité na katekista Patrice hulipindua sanduku wakiwa wawili tu. Wanachokiona chini yake, Patrice anakiandika kwenye daftari na kulifungia. Anayedai ni lake aseme kilichoandikwa.

"Juu kila muntu anaona," anaeleza Félicité. "Chini anaona mwenye kufagia."

Leo ni Jumapili ya tatu ya sanduku hili. Lisipopata mwenyewe, linakwenda kwa Marie, mkunga aliyejenga nyumba mpya na kuapa kwamba kabati la tripleksi, yaani plaiwudi, halitaingia humo. Marie atatoa dola 120. Kwa fedha hizo Félicité atapanga chumba cha Henri, kando ya barabara, chenye sakafu ya saruji. Henri amempa mpaka kesho. Baada ya hapo kinakwenda kwa muuza unga.

Saruji kwake si fahari. Masanduku yake yanalala kwenye udongo nyuma ya nyumba, na masika yaliyopita mchwa walimlia mawili, wakaacha bawaba na kufuli. Mwezi mzuri anauza masanduku mawili na kubaki na dola 60. Mwezi mbaya anabaki na shamba la mihogo na watoto wanne wasiojua kwamba mwezi ni mbaya.

Kazi hii aliianza miaka sita iliyopita. Aliona kabati za tripleksi zikivimba kwa unyevu wa ziwa mpaka milango inakataa kufunga, huku vijijini masanduku ya mababu yakifugiwa kuku. Akajiweka katikati. Anakwenda Swima, anakwenda Lweba. Mara moja alipanda mpaka Minembwe, milimani, na kushuka na sanduku dogo kichwani, safari anayoisimulia huku ameshika shingo.

Zana zake ni mbili: spoku ya baiskeli na pua. Spoku anaichomeka kwenye kona. Ikizama, dumuzi wamekwisha kula ndani. Kisha anafungua kifuniko, anaingiza kichwa chote na kunusa. Anayemwona mara ya kwanza hudhani anamtafuta mtu aliyejificha humo.

"Sanduku inasemaka kwa harufu," anasema. "Ikinuka panya, naondoa dola tano. Ikinuka pombe, naulizaka kwanza bibi ya nyumba."

Zamani hakuwa na sheria ya Jumapili. Alinunua asubuhi, akauza jioni. Sanduku moja dogo lilipanda boti kwenda Kalemie, na siku kumi baadaye mzee mmoja aliyerudi kutoka kambi ya Tanzania akaingia uani kwake na ufunguo mkononi.

"Aliulinda miaka kumi na tisa," anakumbuka. "Kamba yake tu alibadilisha mara ine. Mi niko na feza, yeye iko na ufunguo, sanduku iko Kalemie." Alimpigia simu mnunuzi, namba haikupatikana tena. "Hakunitukana yule muzee. Angenitukana, ningelala."

Inakaribia saa nne. Marie amefika, tena na mkokoteni wa kukodi na kijana wa kuusukuma.

"Mama Féli, misa ya pili imeanza. Jumapili imekwisha."

"Siku ya Mungu inaisha jua ikilala, Mama Marie. We ulizalisha batu, unajua kungojea."

"Mutoto analipishaka saa? Huyu wa mukokoteni analipisha!"

Wakati huo huo, hatua kama ishirini kutoka hapo, mwanamume amesimama na kofia mkononi. Ni Albert, mwenye miaka 61, aliyerudi miezi miwili iliyopita kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Misa inamwita ndani. Yeye hasogei mbele wala nyuma.

Félicité ndiye anayemwita. "Papa, karibu. Kuangalia haiko na bei."

Albert anasogea. Hagusi kitu. "Hii si ilikuwaka Lweba?"

Félicité hakumwambia mtu uwanjani hapo alikolinunua. Anakaa wima kwenye kiti. "Papa, chini yake iko nini?"

"Chini haiko mbao moja," anasema Albert. "Muchwa ilikula, mi nikiwa kijana. Baba akapasua mutumbwi yake ya zamani, akatia kiraka. Rangi ya bluu. Misumari saba. Ilikuwa munane, moja ikaniponyoka mu maji. Nilipigwa sababu ya ule musumari."

Patrice anakwenda kuleta daftari. Anasoma polepole, kama anasoma waraka wa mtume: "Kiraka cha mbao ya mtumbwi. Bluu. Misumari saba."

Aubin anavua kofia yake, anainama, na kwa msaada wa wengine wawili wanalilaza sanduku ubavu. Rangi ya bluu ipo, imepauka, lakini ipo.

Marie ndiye wa kwanza kusema. "Papa Albert, kweli hukuweza kuja wiki yenye kuja?"

Kicheko kinatoka, chepesi. Albert anatabasamu, kisha anamgeukia Félicité.

"Mama, siko na nguvu ya kugombana. Lakini tangu nirudi, nguo yangu iko mu mufuko. Muntu wa mufuko, bajirani banamuulizaka kila siku: unarudi kule lini? Mi nilisharudi. Nataka nikae."

Félicité anainama na kuhesabu misumari kwa kidole, mmoja mmoja. Baadaye anakiri alichokuwa anafikiri. "Niliona ile chumba ya Henri, na saruji yake. Nikasema, Félicité, unaweza sema ile misumari iko sita."

Kisha anasimama. "Aubin! Leta ile mikono ya babu yako. Beba."

Aliyemuuzia sanduku, Bonaventure wa Lweba, anapigiwa simu hapo hapo, mbele ya watu. Makubaliano yake na Félicité ni nusu ya bei mwanzo, nusu baada ya Jumapili ya tatu. Sauti yake inasikika mpaka kwenye kengele.

"Mutoto ya muzee wa mutumbwi ya bluu? Iko muzima? Baba alikufa akimutaja!" Kisha anashusha sauti. "Sasa, Mama Féli... ile nusu nilishakula."

"Basi rudisha kwa ndagala."

Magunia mawili ya ndagala, dagaa wa ziwa, yalifika Alhamisi, na kwa mujibu wa Félicité hayakunuka panya.

Sanduku lenyewe lilisafiri kwa mkokoteni wa Marie, kwa sababu, alivyosema mkunga huyo, saa ilikwisha kulipwa. Mlango wa chumba cha Albert ulikuwa mwembamba kuliko sanduku. Waling'oa mlango na fremu yake, wakaingiza sanduku, wakarudisha mlango ukiwa umepinda kidogo. Kabla ya jua kuzama, mfuko wa Albert ulikuwa mtupu, umekunjwa juu ya kifuniko.

Jumatatu Henri alimpa muuza unga chumba chake, kama alivyoahidi. "Unga pia inaogopa muchwa," anasema Félicité.

Jumatano, Albert akatokea uani kwake na randa na patasi. Kambini aliishi kwa kutengeneza vitanda na milango.

"Transpor ya sanduku toka Lweba siwezi kulipa," alimwambia. "Lakini mikono niko nayo."

Alianza na mchwa. Alizika mawe mapana, akasimamisha nguzo juu yake, akazipaka mafuta machafu ya injini kama wavuvi wanavyopaka miti ya kuegeshea mitumbwi, kisha akapandisha masanduku yote hewani. Mvua tatu zimepita; mchwa hawajapanda.

Sasa, kila asubuhi baada ya shamba, wawili hao wanatengeneza sanduku jipya la mvule, la kwanza katika maisha ya Félicité. Ni la Marie. Félicité anataka kulikamilisha kabla ya Juni, kisha kutengeneza mawili kila mwezi pamoja na yale ya kale, mpaka apate kiwanja chake mwenyewe chenye bati na saruji, na Albert akiwa mwalimu wa mabinti watatu wanaotaka kujifunza.

Kwa leo kifuniko kinapinda upande mmoja, na Marie, aliyepita tu kusalimia, ameinama kukikagua kama anakagua mtoto mchanga.

"Itanyooka," anamtuliza Albert, randa mkononi. "Hata mutumbwi ya kwanza ya baba ilizama."

"Papa!" anang'aka Félicité, huku akicheka. "Si mbele ya mwenye kununua!"