Tambara la Nne

Siku hiyo naikumbuka vizuri kuliko ninavyopenda, mwanangu, na nisingeisimulia kama ninyi vijana msingekuwa mnanichosha. Kila nikiuliza kazi imefikia wapi, najibiwa, "Kila kitu kiko sawa, mzee." Kila kitu! Ukiuliza kitu gani hasa, mtu anakuangalia kana kwamba umemtukana. Basi kaa hapo unisikilize.

Nilikuwa fundi mchanga hapa Nyamiaga, nikifanya kazi chini ya Mzee Gervas, mtu wa mikono mizito na maneno machache. Safari moja alikwenda msibani Biharamulo, akaniachia gereji. Asubuhi ile ile akaja Mama Leokadia na pikapu kuukuu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Kwa gari hilo mjane yule alikuwa akipeleka ndizi Nyakanazi, na ndilo lililokuwa likiwalisha watoto wake. Lilikuwa linakosa sailensa, yaani ule mngurumo uliotulia: likisimama, injini inapanda na kushuka yenyewe, na pembeni unasikia mluzi. Nikamwagia maji ya sabuni pale manifodi ya kuingizia hewa inapokutana na injini, mlio ukabadilika. Gasketi ilikuwa imekufa, inavuta hewa. Mpaka hapo sikukosea, na hilo naomba nikumbukwe nalo.

Nikafungua kabureta, nikatoa manifodi. Gasketi ya zamani ilikuwa imegandia kwenye chuma, na ya namna hiyo huna budi kuikwangua kwa wembe, huku ukichunga vipande visidondokee ndani ya injini. Kwa hiyo unaziba kila tundu kwa tambara. Matundu yalikuwa manne, nami nikachana kitenge cha zamani nikapata matambara manne. Nikakwangua, nikapangusa, nikaweka gasketi mpya, nikakaza bolti kuanzia katikati kwenda pembeni kama nilivyofundishwa. Nilikuwa nakwenda mbio kwa sababu jioni kulikuwa na mpira, na golikipa ni mimi. Nakuona unacheka. Cheka tu.

Gari likawaka likitetemeka, halina nguvu hata ya kupanda kilima cha kwenda kanisani. Nikachezea kabureta, nikalaumu plagi, nikalaumu petroli. Siku ya pili, nilipoishiwa vitu vya kulaumu, nikamwambia Mama Leokadia kwamba injini imekufa. Alikaa juu ya tairi bovu, akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu nimeangalia kila kitu. Hakubishana nami, nani abishane na fundi? Akasema basi atamtafuta mnunuzi wa vyuma chakavu, akaanza kutoa vitu vya marehemu ndani ya gari: koti, rozari, kitabu cha nyimbo.

Mzee Gervas aliporudi alimkuta hapo, koti la mumewe mapajani. Nikampa shikamoo, akaitikia bila kuniangalia. Akaliwasha gari, akawa anachomoa nyaya za plagi, mmoja baada ya mwingine. Alipochomoa wa tatu, mlio haukubadilika hata kidogo, maana yake silinda hiyo ilikuwa haifanyi kazi kabisa. Akaitoa plagi yake, akainusa. Ilikuwa kavu, haina hata harufu ya petroli. Ndipo akanigeukia.

"Ulitoa matambara mangapi?"

"Yote, mzee."

"Sikuuliza kama ulitoa yote. Nimeuliza mangapi."

Akanipa spana, nikafungua upya mbele ya mama yule. Tambara lilikuwa ndani ya tundu la tatu, limejikunja, linanuka petroli. Mzee Gervas alilishika kwa vidole viwili, akamgeukia Mama Leokadia, akamwomba radhi, kana kwamba kosa ni lake yeye. Hilo liliniuma kuliko kofi. Mama alirudisha rozari mahali pake, akaniambia taratibu, "Deo, ningeliuza."

Sasa nikueleze jambo ambalo Mzee Gervas alikufa bila kulijua. Jioni ile ya kwanza, nilipokuwa nafua yale matambara, niliona ni matatu. Niliona, mwanangu. Nikajiambia la nne limepeperushwa na upepo, nikaenda kudaka mpira. Na siku ya pili, wakati mama wa watu anatoa koti la mumewe, nilikuwa najua, au tuseme nilijua vya kutosha kuweza kufungua tena na kuangalia. Nikanyamaza. Nilikuwa nimeshasema nimeangalia kila kitu, na niliona aibu kurudi nyuma. Aibu ya nini? Ya mtu mmoja, mama aliyekuwa ameniamini. Kwa ajili ya hiyo nilikuwa tayari watoto wake wakose chakula. Hata leo nikiwaza hivyo najikasirikia mpaka kichwa kinaniuma.

Kusahau kila fundi anasahau, na mimi nimesahau mengi tangu siku ile. Ninachokukataza ni kusema "yote" wakati hukuhesabu. Ukiulizwa, usikasirike, hesabu tena, hata kama ulishahesabu na una uhakika. Na ukianza kuhisi kwamba umekosea, usingoje mkubwa arudi safari akubaini. Mwambie mwenye mali siku hiyo hiyo, kabla hajaanza kutoa vitu vyake ndani ya gari. Atakufokea, ndiyo. Utafokewa saa moja, kisha mtafungua injini pamoja.

Haya, nenda kazini. Mungu ailinde mikono yako, na siku utakapokosea, akupe ujasiri wa kusema kabla mtu hajauza kilicho chake kwa ajili ya neno lako.