Maziwa ya Msaada na Ndama Wetu

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa pale Kisaka, malisho yakawa mbali, tukabaki na ng'ombe mmoja wa kukamua, na mdogo wangu akakonda. Nesi, mgeni kutoka Kilimanjaro, akamwambia mama kwamba mtoto asipoongeza uzito mwezi ujao, atalazwa hospitali ya Mugumu. Nchi rafiki nazo zikatuhurumia, zikatuletea maziwa ya unga, sisi wafugaji.

Mama aliyaonja, akatema. "Hii ni chokaa." Kwa kuwa ndama alikuwa akinyonya nusu ya maziwa yetu, akamfunga mbali na ng'ombe, akawa anamkorogea ule unga. Maziwa yote ya ng'ombe akanywa mtoto.

Siku ya kupima, mdogo wangu aliivuta mizani mpaka nesi akatabasamu. Safari ya Mugumu ikafutwa. Mtaalamu wa kizungu aliyekuja kukagua msaada ule alifurahi kana kwamba mtoto amemzaa yeye. Akampiga picha kando ya gunia la maziwa, kisha akataka mama aeleze alivyoyatumia. Mimi, msomi wa kidato cha pili, nikaitwa kutafsiri kilugha chetu.

"Mwambie aliyekunywa ni ndama," mama akasema. "Kama ana picha imebaki, ampige na yeye."

Nikamnong'oneza nesi, maana mbele ya wageni sauti yangu hupotea. Nesi akakohoa, akamgeukia mtaalamu.

"Mama anashukuru sana. Anaomba gunia lingine."

Hilo la gunia mama hakulisema, lakini lilipoletwa alilipokea. Ndama alikuwa bado hajaanza kula majani vizuri.