Mfuniko Chini ya Saruji

Nilivunja kibaraza cha baba mkwe wangu kwa nyundo, mchana kweupe, mwenyewe akitazama. Chini yake kulikuwa na mfuniko wa shimo la choo, uliofukiwa kwa saruji tangu alipojenga hapa Bariadi.

"Mkamwana, shimo langu halijawahi kujaa," alisema.

"Miaka yote hii uchafu limeupeleka wapi, Baba?"

Choo chetu kina mashimo mawili: tope hutuama kwenye la kwanza, maji huvuka kwenda la pili na kunywewa na ardhi. Tope lisiponyonywa kila baada ya miaka michache, nalo huvuka na kuziba ardhi. Udongo wetu mweusi wa mbuga ukilowa haunywi kitu, hivyo maji machafu hufuata mteremko, na kisima chetu kiko huko chini, hatua chache tu.

Gari la majitaka lilinyonya, likaenda kumwaga, likarudi tena. Lilipoondoka, baba mkwe alimwita fundi aje kurudishia saruji. Niliweka kigoda juu ya mfuniko, nikaketi. Fundi alikusanya vifaa vyake akaenda zake.

Maji ya kisima nimeyapeleka kupimwa. Majibu hayajarudi, na baba mkwe bado anayanywa, tena mbele yangu.