Usukani Usiotiwa Sahihi

Baba yake alikuwa mhunzi asiyemwogopa padri wala polisi. Alipozaliwa binti yake wa kwanza alimwita Ribella, yaani mwasi, na padri alipokataa kumbatiza mtoto mwenye jina la namna hiyo, mhunzi alijibu kwamba maji hata kisimani yapo. Basi Ribella Zaccherini aliingia duniani akaukuta ugomvi wake umeshaanza, na katika miaka yote tuliyoishi naye hapa Imola, mji wa Italia wenye uwanja wa mbio za magari, hatukumsikia akiomba uishe.

Siku za kazi alipaka rangi kingo za sahani katika kiwanda cha vyombo vya udongo, mstari mmoja wa buluu, sahani baada ya sahani. Siku za mbio alivaa fulana ya chungwa ya wahudumu wa huduma ya kwanza, akasimama na machela nyuma ya ukuta wa kona ya Tosa, pale magari yanapofika na mwendo wao wote na kukuta njia imekunjwa kushoto. Hakuolewa. Wanaume wawili watatu walikuja, akawaonyesha chumba chake cha nyuma, wakaelewa kwamba nafasi imekwisha.

Katika chumba hicho mlikuwa na helmeti iliyokwaruzwa na kokoto. Mlikuwa na glavu ambayo kiganja chake kilikuwa kimeliwa na mkono wa gia. Mlikuwa na vipande vya mabawa ya magari, kioo cha helmeti chenye wadudu waliokaukia juu yake, na vazi zima la dereva likiwa na chumvi ya jasho kwapani. Kila kitu kilikuwa kimekimbia mbio za kweli, na kila kimoja kilikuwa na sahihi ya aliyekikimbiza. Siku moja dada yake alilichukua lile vazi akalitia kwenye beseni, kwa nia njema kabisa. Ribella alilipokonya likiwa bado halijalowa.

"Linanuka, Ribella!"

"Anayenuka ni yeye. Ukilifua litanuka sabuni, na sabuni haijawahi kushika nafasi ya pili."

Kitu kimoja tu hakikuwa na sahihi, nacho ndicho alichokipenda kuliko vyote. Ulikuwa usukani mdogo uliofunikwa ngozi nyeusi, umepinda kidogo upande wa juu, na mkono wake wa kushoto umezungushiwa utepe wa njano. Katika mishono ya ngozi ulikuwamo bado unga mweupe wa kuzimia moto.

Ulitoka Tosa, mwezi wa Aprili mwaka 1981, katika mbio za magari madogo ambazo hata magazeti ya Bologna hayakuziandika zaidi ya mistari minne. Mvua ilikuwa inanyesha. Kijana mmoja wa Bergamo, Amedeo Sarzani, alichelewa kukanyaga breki, akaivuka kona kana kwamba haikuwepo, akaingia ukutani. Moto ulianzia nyuma ya gari. Ribella na mwenzake Walter, fundi wa mabomba, waliruka ukuta. Walter alimshika mabega, Ribella akamshika mguu wa kushoto uliokwama, wakavuta. Mhimili wa usukani ulikuwa umekatika kwa kishindo, na kijana akatoka na usukani mikononi. Hakutaka kuuachia. Walimlaza kwenye machela akiwa ameushika, wakampakia kwenye gari la wagonjwa akiwa ameushika, na bado alikuwa akiuzungusha kushoto, kushoto, akiitafuta ile kona. Mlangoni mwa hospitali muuguzi alisema kitu hicho hakiingii. Ndipo akamtazama Ribella, akampa, akasema, "Nishikie."

Akamshikia. Aliandikia timu ya kijana barua mbili, hazikujibiwa. Sarzani alipona, akapanda magari makubwa, akashinda mbio kadhaa mbali na hapa, akawa mtu wa televisheni, na mwisho akatoa kitabu. Katika ukurasa wa tisini na nne alisimulia ajali ya Imola: jinsi alivyojifungua mkanda mwenyewe, akapanda juu ya ukuta, akapokonya chombo cha kuzimia moto kutoka kwa mhudumu mmoja mwenye hofu, akauzima moto kwa mikono yake.

Ribella alinunua kitabu, akausoma ukurasa huo akiwa amesimama dukani, akakirudisha.

"Kina kasoro?" muuzaji akamwuliza.

"Kimekosa watu wawili."

Wapenda kumbukumbu za mbio wa mji wetu wana chama chao, nacho hukutana katika ghala la zamani la katani. Mwenyekiti ni Edmo Dall'Osso, mfamasia mwenye sauti laini ya kuelezea vidonge. Kila Oktoba huwa na maonyesho, na maonyesho huwa na meza mbili. Meza ya kwanza ni ya vitu vilivyokimbia. Ya pili ni ya nakala, vitu vizuri vya kupamba ukuta ambavyo havijawahi kuona vumbi la uwanja. Kuwekwa meza ya pili kwa kitu kinachodai meza ya kwanza ni aibu ambayo watu wetu hawaisahau. Yupo mzee aliyehamia kwa mwanawe Rimini kwa sababu ya kofia moja tu.

Kinachotenganisha meza hizo ni sheria moja: neno la dereva ndilo la mwisho. Kama dereva yu hai na amekitazama kitu, akisema ni chake, ni chake. Akisema si chake, hata malaika wakishuka na vyeti haisaidii. Sheria hiyo iliandikwa na Ribella mwenyewe, miaka kumi na tano nyuma, baada ya tapeli mmoja kumuuzia glavu ya uongo. Alikilazimisha chama kizima kuikubali, akigonga meza kwa kiatu.

Mwaka 2019 mgeni wa heshima alikuwa Amedeo Sarzani.

Ribella aliuleta usukani ndani ya foronya, akauweka katikati ya meza ya kwanza, na mbele yake akasimamisha kadi aliyoiandika kwa ule mkono wake wa kupaka sahani: *Usukani wa Amedeo Sarzani. Tosa, 1981. Ulitolewa garini pamoja naye na Walter Fuzzi na Ribella Zaccherini.* Miaka thelathini na minane alikuwa akiisubiri sahihi hiyo moja, na asubuhi hiyo alikuwa amevaa hereni.

Sarzani alikuja saa nne, mrefu bado, nywele nyeupe zimechanwa nyuma, koti begani. Alipita mezani akitia sahihi huku na huku, akichekesha watu. Alipofika kwenye usukani alisoma kadi. Aliisoma kwa muda mrefu kuliko kadi yenyewe.

"Hii nini?" akamwuliza Edmo.

"Usukani wako wa Tosa, bwana Sarzani. Bi Ribella hapa ameutunza..."

"Si wangu."

Ribella alikuwa ameshika kalamu nyeupe, ile inayoandika juu ya ngozi.

"Utazame vizuri," alisema.

"Nimeutazama, bibi. Mimi sijatolewa garini na mtu. Someni kitabu."

"Nilikisoma nikiwa nimesimama. Hakikunifanya nikae."

Mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Edmo akamshika Ribella kiwiko. "Dada yangu, tusiharibu siku. Unajua sheria. Wewe ndiye uliyeitunga."

"Mchimba kisima kaingia mwenyewe," alisema mmoja wa wazee waliokuwa wakicheza karata nyuma ya ghala.

"Nimeingia," Ribella akajibu bila kugeuka, "na nimekuta humu ndani watu wengi. Learco! Picha zako ziko wapi?"

Learco Golinelli alikuwa mpiga picha za harusi, na kwa miaka arobaini alikuwa akipiga harusi asubuhi na magari mchana. Chama kinamtegemea yeye kulinganisha vitu na picha, kwa maana mkwaruzo ni kama alama ya kidole, hakuna miwili inayofanana. Alikwenda nyumbani kwa baiskeli, akarudi na bahasha. Picha ilipigwa dakika ishirini kabla ya mbio: kijana Sarzani ndani ya gari, miwani ya mvua juu ya paji, mikono kwenye usukani. Learco akaishika karibu na kioo cha kukuza na kuanza kusoma kama karani wa mahakama.

"Utepe wa njano, mizunguko sita. Mezani, sita. Mzunguko wa nne umepanda juu ya wa tatu, fundi alikuwa na haraka. Mezani, umepanda. Mshono wa chini umeruka tundu moja." Akainama. "Umeruka." Akavua miwani. "Ningekuwa polisi, mabwana, ningeshafunga mtu pingu. Ndio wenyewe."

Watu wakamtazama Sarzani. Naye alitabasamu kama anavyotabasamu kwenye televisheni, lakini shingo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Basi vizuri," alisema. "Kama ni wangu, ni wangu. Nipeni niondoke nao."

Ribella akaufunika usukani kwa viganja viwili. "Uliniambia nikushikie. Nimekushikia. Useme hapa mbele ya watu ulinipa wapi, na ulikuwa umelala au umesimama uliponipa, halafu uuchukue. Nitaufunga mwenyewe kwenye foronya."

Wengi wetu tulidhani angesema. Kulikuwa na kitambo kidogo ambapo kinywa chake kilifunguka, na sauti ya mvua ya mwaka ule ilikuwa kama imesimama nyuma ya meno yake. Kisha akageuka kwa Edmo.

"Nilisema si wangu. Nabaki na neno langu."

Na Edmo, ambaye alikuwa ameiona picha, ambaye alikuwa amehesabu mizunguko sita kwa macho yake mwenyewe, alisema, "Neno la dereva ndilo la mwisho. Uhamishiwe meza ya pili."

"Mfamasia," alisema Ribella, "hiyo dawa umeipima kweli?"

"Sheria ni sheria, Bi Ribella."

"Niliitunga ili iwakamate waongo. Haikutungwa iwakingie mvua."

Watu wawili walisogea kuuchukua. Hawakuuchukua. Ribella aliunyanyua yeye mwenyewe, akavuta kiti kutoka kwa wacheza karata, akakiweka palepale mbele ya meza ya vitu vilivyokimbia, akakaa, akaupakata usukani mapajani. Akachukua ile kadi akaibandika kifuani kwa pini ya nywele.

"Sheria inahusu vitu vilivyo mezani," alisema. "Hiki hakiko mezani."

"Utakaa hapo mpaka lini?"

"Maonyesho yanafungwa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Basi umeshajijibu."

Akakaa. Adhuhuri watu walikwenda kula, akabaki. Mke wa Learco alimletea mkate wa piada wenye jibini, akaula kwa mkono mmoja, ule mwingine ukiwa juu ya ngozi nyeusi. Mchana habari zilikuwa zimeshafika mjini, na watu ambao hawajui tofauti ya kona na kizingiti walikuja na watoto wao, wakapita mbele ya helmeti na mabawa bila kusimama, wakasimama mbele yake. Walisoma kifua chake. Kama mtu aliuliza, alisema, "Mambo yote yapo kwenye kadi." Hakuongeza neno. Hakusema jinsi mikono ya kijana ilivyokuwa ikizungusha kushoto, kushoto. Hayo alikuwa amepewa ayashike pia.

Kiasi cha saa kumi na moja jioni Sarzani alirudi peke yake. Koti sasa alikuwa amelivaa. Alichutama mbele ya kiti, kwa shida, kama mtu ambaye nyonga yake ilivunjika zamani.

"Yule mwingine," alisema kwa sauti ya chini. "Walter. Yupo?"

"Alikufa. Miaka sita sasa."

"Alikuwa na masharubu."

"Alikuwa nayo. Yaliungua upande."

Sarzani akatoa kalamu mfukoni. "Nipe nikutilie sahihi. Umeisubiri, nimeambiwa. Nitaandika jina, tarehe, Tosa, chochote unachotaka. Ila hiyo kadi uitoe. Nina wajukuu, bibi. Wamekisoma kitabu."

Tuliokuwa karibu tuliona mkono wa Ribella ukipita juu ya ngozi, ukatua pale juu, palipopinda, mahali ambapo sahihi ingekaa vizuri. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja na hakuwahi kutaka kitu kingine kwa mtu yeyote.

"Walter alikuwa na wajukuu watatu," alisema. "Kalamu yako irudishe mfukoni, kijana wangu. Wino utakauka."

"Bila sahihi ni pete ya ngozi tu. Hata meza ya kwanza haurudi."

"Usirudi."

Aliinuka akiegemea meza ya nakala. Alisimama kidogo, kisha akatoka, na nje tulisikia mlango ukifungwa na gari dogo la kukodi likiondoka polepole sana kwa mtu wa kazi yake.

Edmo alianza kuzima taa za upande wa nyuma. Aliviringisha kitambaa cha meza ya pili, akakusanya vikombe vya kahawa, akazunguka zunguka, mwisho akaja na funguo mkononi na macho chini.

"Bi Ribella. Wageni wote wameondoka. Nifunge?"

Ribella alitazama saa yake ya mkononi.

"Bado dakika saba," alisema. Akakiweka kiti chake sawa, kadi ikiwa kifuani, usukani mapajani, uso umeuelekea mlango. Learco akavuta kiti akakaa kushoto kwake. Wale wazee wa karata wakaja mmoja mmoja, wakiburuta viti vyao, na mfamasia akasimama na funguo zake, akingoja.